Deizi na Saireni ya Serikali

Jumatatu, 4 Machi 1968

Daftari mpya! Elphas amenipa, ati niandike ng'ombe ninaofukuza kiwanjani, tarehe na saa. Nimemwambia sawa. Ng'ombe nitaandika kwa ile ya zamani. Hii ni yangu mwenyewe. Asiyeipenda asisome — na nani ataisoma? Mwandiko huu ndio ulinitoa shule darasa la nne. Mwalimu alisema kuku wake anaandika vizuri zaidi.

Leo lori imeleta masanduku sita kutoka Nairobi. Yameandikwa KIOO. Vijana wa lori wakayatupa chini kama viazi.

Na barua imekuja, ya Kizungu. Elphas amenisomea. Yeye ndiye kontrola hapa kiwanja cha ndege. Anakaa kwa kijumba cha mbao juu ya nguzo, na redio yake na simu, anaongea na marubani Kizungu cha kupitia puani. Mimi Walubengo ni wa chini. Nafukuza ng'ombe, nafyeka nyasi, nawasha moshi wa mavi ya ng'ombe ili rubani aone upepo unatoka wapi, nageuza shuka jeupe pale kwa nyasi ili ajue ashukie upande gani. Miaka kumi na moja sasa. Barua inasema hizi mashini za kwa masanduku zitafanya hayo yote zenyewe. Tena mwezi huu huu ofisa atakuja kupima kazi. Akiona mtu mmoja anatosha, basi atabaki mtu mmoja.

Elphas akifika hapo akakohoa. Kikohozi cha adabu.

Huyo mmoja si mimi. Mashini haiwezi kuongea kupitia puani.

Nikitolewa hapa nitaenda kukaa Turbo kwa mtoto wangu aliyeoa. Mtoto hana maneno. Bibi yake ndiye — anahesabu vijiko vya sukari nikiweka kwa chai. Kwa sauti! Moja... mbili... mzee!

Hapana. Turbo sitaki.

Alhamisi, 7 Machi

Mafundi wamemaliza. Wamesimamisha mlingoti, na huko juu vikombe vitatu vinazunguka. Nikauliza kama ni vya chai. Fundi hakucheka. Waya inatoka kwa vikombe mpaka mezani kwa Elphas, na hapo mshale unamwambia habari ya upepo. Upepo ukizidi, kengele inalia. Kuna kengele ingine inalia kila robo saa, na lazima Elphas abonyeze kifungo kuonyesha hajalala. Asipobonyeza, inalia zaidi. Hiyo ni mashini ama mama mkwe?

Halafu kuna saireni. Sasa hiyo ndiyo ya kunifukuza mimi. Pembe mbili za chuma juu ya paa, kubwa kama sufuria za harusi. Ndege ikikaribia, Elphas abonyeze. Saireni ilie, ng'ombe watoroke, ndege ishuke. Fundi mkubwa alieleza hivyo kwa mikono yote miwili, hata akaigiza ng'ombe akikimbia. Alifanana naye.

Moshi nimekatazwa. Ati unachafua vikombe. Shuka wameniachia kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimecheka mpaka nikakaa chini kwa umande.

Saa nne na kitu ndege ndogo ikatokea upande wa Kapseret. Kiwanja safi. Hakuna hata ng'ombe mmoja — wote wako shambani kwao, nyuma ya ua, wanakula pole pole. Elphas akasema kazi ni kazi, sheria inasema abonyeze. Akabonyeza. Ile kitu ikalia! Mbwa wote wa mjini wakajibu.

Nikamwona Deizi akiinua kichwa. Huyo ndiye mkubwa wao, mwekundu, pembe moja imevunjika. Akasikiliza. Akaanza kukimbia. Lakini si kutoroka — anakuja! Mkia juu kama ndama, na umri wake ule! Nyuma yake arobaini. Wakapita kwa ua kama ni ya nyuzi za buibui, wakajaa kiwanjani, wakasimama katikati wakiangalia juu ya paa la Elphas.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na kicheko kikanishika.

Hilo shamba lilikuwa la Bwana Miwani. Kabla ya kuja hapa kiwanjani mimi ndiye nilikuwa mtu wake wa ng'ombe. Sisi wengine tuliita ng'ombe kwenye chumvi kwa kupiga debe. Lakini Miwani alikuwa na saireni ya kuzungusha kwa mkono, aliitoa huko vitani. Kila siku saa tisa inalia, ng'ombe wanakimbilia chumvi kwa hori la mawe, kule kwa miti ya bluugamu. Aliendelea hivyo mpaka akauza akaenda kwao, mwaka wa sitini na nne. Deizi nilimshika masikio siku aliyozaliwa. Ng'ombe hasahau chumvi. Na wale wadogo wanamfuata tu, hawajui hata ni kwa nini.

Walionunua ni kikundi cha kina Wangari, kutoka Murang'a. Walinunua shamba na ng'ombe wake. Tabia za ng'ombe hazikuandikwa kwa karatasi ya mauzo. Hapa Eldoret yote anayejua ni mimi peke yangu.

Ndege ikazunguka mara mbili nikiwafukuza. Elphas akatoa kichwa dirishani. Mzee, hawa ng'ombe ni viziwi?

Nikamwambia labda hawajazoea vitu vya serikali.

Sikusema lingine. Mdomo wangu umekaa ndani kama mgeni aliyeshiba.

Jumatano, 13 Machi

Saireni mara tatu. Ng'ombe mara tatu. Nimekimbia kuliko nilivyokimbia mwaka mzima wa jana. Magoti yananiuliza kuna nini.

Elphas anasema ng'ombe watazoea. Mimi nasema ndiyo, watazoea. Jioni nimemwaga chumvi kidogo tu chini ya nguzo za kijumba, Deizi asikate tamaa.

Lakini namwonea huruma huyu kijana. Zamani alikuwa anasikiliza redio na kuangalia nje. Basi. Anamwona rubani, rubani anamwona. Sasa aangalie mshale, aandike mshale kwa fomu ya kijani, abonyeze kifungo, aandike kwamba amebonyeza, fomu ya manjano. Nimempelekea chai saa tatu, saa tano bado iko hapo na nzi ndani. Nikamwambia ndege ya posta imeshuka. Akaniuliza, imeshuka lini?

Jumamosi, 16 Machi

Wangari amenikamata.

Nilikuwa natengeneza ua. Akaja na ndoo yake ya maziwa, gumbuti miguuni, akasimama, mkono kiunoni. Huyu ni mjane, ana duka karibu na reli, na katika kikundi chao yeye ndiye anajua ng'ombe. Mimi humwita Mama Nyakio. Ana macho ya karani wa korti.

"Mzee Walubengo, ng'ombe wetu unawaita na nini?"

"Mimi? Ni serikali inawaita, Mama Nyakio. Si unasikia saireni?"

"Na serikali siku hizi inabeba chumvi mfukoni?"

Nikaangalia suruali. Mfuko mweupe pepepe, kama nimeanguka kwa unga wa posho. Nikaona hapa hakuna njia. Nikamweleza yote — Miwani, hori, Deizi, barua, Turbo, vijiko vya sukari. Alicheka mpaka akashika kigingi cha ua. Kicheko chake kinapendeza, na sisemi zaidi.

Halafu akafuta macho, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Lakini mzee, si hiyo saireni wangeitoa kwa paa waiweke kule kwa hori la mawe? Ikilia, ng'ombe wote wanakimbilia huko mbali, na kiwanja kinabaki wazi."

Nikarudi kupiga msumari wa ua.

Nilikuwa nimefikiria hivyo tangu Jumatatu. Waya ya hatua mia tatu, misumari mitano, kwisha. Mashini ingefanya kazi vizuri kabisa. Na mimi ningekuwa Turbo nikihesabiwa sukari.

"Mama Nyakio," nikamwambia, "maneno kama hayo usiseme karibu na ua. Ua una masikio."

"Deizi amepunguza chupa mbili za maziwa kwa hizo mbio zako."

"Nitamwomba msamaha."

Akaenda akicheka. Hajasema atanyamaza. Hajasema hatanyamaza.

Jumanne, 19 Machi

Mpimaji amefika! Bwana Jeconia, kutoka Nairobi. Mrefu, tai nyembamba, viatu vinang'aa. Shingoni ana saa kwa kamba, stopwochi, kama ya michezo ya shule. Nilidhani ni mzee wa kanisa mwenye mambo mengi. Kumbe ni mpole, anasalimia watu vizuri, ananiita Mzee.

Kazi yake ni kuhesabu kazi. Mtu ainue mkono, yeye anaandika. Amenifuata siku nzima. Nikiinama — tik. Nikisimama — tik. Nikaenda choo, akasimama nje. Nikamwuliza kutoka ndani kama hiyo pia iko kwa fomu. Akasema iko, inaitwa mapumziko.

Saireni ikalia mara mbili. Deizi, Mungu ambariki, akaleta jamaa yote. Nikakimbia. Bwana Jeconia akakimbia nyuma yangu na kalamu. Viatu vyake — pole!

Jioni maswali. Kutoka moja mpaka kumi, Mzee, umechoka kiasi gani?

Kabla ya chai ama baada ya chai?

Akafikiri. Akasema baada.

Nne.

Na kabla?

Kumi na moja.

Akasema kumi na moja haiko. Nikamwambia aje akimbie tena kesho, ataiona.

Alhamisi, 21 Machi

Zamu ya Elphas kuhesabiwa. Mimi nimekaa kwa ngazi, nasikia yote.

Asubuhi ndege nne kwa saa moja. Kengele, simu, redio, fomu, kifungo, saireni. Bwana Jeconia akamwonyesha hesabu: katika hiyo saa mikono yake imefanya mambo tisini na sita. Dirishani ameangalia mara nne. Elphas alishangaa kama mtu aliyeambiwa anakoroma.

Mchana hakuna kitu. Hata mwewe. Mvua inakusanyika lakini hainyeshi, joto ndani ya kijumba. Kengele ikalia, kidole cha Elphas kikaenda, kikabonyeza. Robo saa ingine — kidole kikaenda. Nikapanda ngazi nimwulize kama anataka mahindi ya kuchoma. Nikakuta Bwana Jeconia amesimama nyuma yake, saa mkononi, amenyamaza kabisa. Akaweka kidole kwa midomo yake, nisiseme. Elphas amefumba macho! Analala! Kengele ikalia. Kidole kikajiendea peke yake, kikabonyeza, kikarudi.

Mara nne, akaniambia chini chini.

Nikamwambia basi hicho kidole kiandikwe kazi, na mshahara wake.

Bwana Jeconia hakucheka sana. Tulishuka tukala mahindi. Akasema kitu ambacho nimeshika: kwamba kazi nyingi mno inamchosha mtu, lakini kazi kidogo mno inamlaza, na ubaya ni ile kidogo ikigeuka kuwa nyingi ghafla, mtu yuko bado amelala. Nikaona huyu si mjinga. Ningetaka awe mjinga kidogo.

Jumapili, 24 Machi

Kanisa. Mvua imeanza, ya kweli. Watu wanaongea mbegu tu, hata mhubiri alifupisha. Wangari alikaa upande wa akina mama, akanitolea ulimi mbele ya Mungu. Na mjukuu anaye!

Jumanne, 26 Machi

Leo sijacheka.

Saa tisa kasorobo. Siku ilikuwa tulivu, ndege hakuna tangu asubuhi. Elphas na kidole chake. Bwana Jeconia anapiga hesabu mezani pembeni. Halafu wingu jeusi likatoka upande wa Plateau, na vitu vyote vikaja pamoja. Redio: ndege inakuja, ndani kuna mtoto mgonjwa na muuguzi, inakimbia mvua. Simu: gari la wagonjwa liko njiani, linauliza njia. Kengele ya upepo. Kengele ya robo saa. Elphas akashtuka, nikamwona kwa dirisha akigeuka huku na huku kama kuku amemwagiwa maji. Mkono ukaenda mahali unapojua — saireni.

Saa tisa kasorobo! Karibu kabisa na saa ya Miwani!

Sijawahi kuwaona wakija vile. Hata ndama. Hata ile fahali ya jirani, ambayo si yetu. Na ndege imeshashuka chini, magurudumu yananing'inia, naona hata uso wa rubani. Nikapunga shuka. Nikapiga kelele. Rubani akavuta ndege juu — ilipita juu ya mgongo wa Deizi, nyasi zote zikalala. Masikio yangu bado yanalia.

Elphas akabonyeza saireni tena. Ndivyo sheria inasema! Ng'ombe wakisikia tena wakasongamana zaidi. Nikapanda ngazi, sijui vipi, magoti haya haya, nikamtoa mkono kwa swichi. Nikasema usiguse. Nikashuka, nikachukua debe la maji, nikamwaga maji, nikashika fimbo, nikakimbia kwenda bluugamu nikipiga debe. Nikaita kama tulivyokuwa tunaita zamani. Hou, hou, hou! Deizi akanitazama. Akatazama paa. Akanifuata mimi.

Hatua mia tatu na mvua usoni. Kwa hori la mawe nikamwaga chumvi yote ya mfukoni. Arobaini na moja na yule fahali wa jirani, wote vichwa ndani.

Nikasikia ndege inashuka nyuma yangu. Sikugeuka mpaka ikanyamaza.

Mtoto ni wa kike, miaka sita hivi. Walimpitisha kwa machela, amefunikwa blanketi, jicho moja nje. Akaangalia ng'ombe akauliza ni wa nani. Sauti yake iko sawa. Rubani akanipa mkono, akasema Mzee, asante. Mkono wake ulikuwa na jasho baridi. Niliupokea na mkono wenye chumvi.

Jumatano, 27 Machi

Mtoto anaendelea vizuri. Nimeenda kwa miguu kuuliza mwenyewe.

Ijumaa, 29 Machi

Habari mbili. Ya kwanza tamu. Bwana Jeconia amenisomea mahali nilipo kwa ripoti yake. Inasema tangu mashini zije kazi yangu imeongezeka karibu mara tatu. Inasema Mzee Walubengo ni wa lazima. Wa lazima! Nikamwomba asome tena. Akasoma. Nikamwomba asome pole pole.

Ya pili. Makao makuu wamepiga simu kuuliza habari ya Jumanne. Wanasema saireni ilichelewa kubonyezwa. Wanasema kontrola alikuwa amezubaa. Labda Elphas atatolewa, aletwe mwingine. Na saireni iongezwe ingine, kubwa, upande wa pili wa kiwanja.

Mbili! Deizi atagawanyika katikati.

Elphas amekaa kwa ngazi leo, mahali pangu. Sikumpa utani. Akasema, Mzee, labda ni kweli nilizubaa. Sijui mkono wangu ulienda saa ngapi. Ana bibi na mtoto mchanga kule nyuma ya stesheni. Nilimwambia wewe ulibonyeza sawa sawa kama walivyokufundisha. Akasema, sasa kwa nini ng'ombe wanakuja?

Nikakohoa. Kikohozi cha adabu.

Jumamosi, 30 Machi

Dukani kwa Wangari. Nilienda kununua chumvi. Akaweka pakiti juu ya kaunta, mkono juu yake, hakuiachilia.

"Hii ni ya mboga ama ya serikali?"

Nikamwambia habari ya Elphas. Hakucheka hata kidogo, na hapo ndipo nilijua jambo limeharibika. Akasema yeye hatanisemea. Mdomo ni wangu, na miguu ni yangu, na Bwana Jeconia anaondoka Jumatatu na gari la saa sita.

Nikamwambia kwangu Turbo ni kama jela yenye chai.

"Yenye chai isiyo na sukari," akasema. Halafu akaiachilia pakiti. Hakuchukua pesa. Mlangoni akanirudisha: "Na lile hori, mzee, mashini itakuja kujaza chumvi?"

Nimelifikiria hilo njia yote. Hori halijijazi. Mvua inayeyusha. Lazima mtu. Lakini mtu wa chumvi — kuna fomu ya rangi gani?

Jumapili, 31 Machi

Sikuenda kanisa. Nimepima hatua kutoka kijumba mpaka bluugamu. Mia tatu na kumi na mbili. Nimefagia hori. Ndani kulikuwa na kiota, nimekihamisha.

Sijasema kitu kwa mtu. Nimefagia tu.

Jumatatu, 1 Aprili

Asubuhi Elphas akaniambia wamempigia simu, ajitayarishe kuondoka. Nikadhani ni utani wa siku ya wajinga. Nikamwangalia uso. Si utani.

Sasa ni saa tano na robo. Naandika ndani ya kibanda changu, dirisha wazi, mkono unakimbia. Bwana Jeconia amefunga sanduku lake, liko chini ya ngazi. Lakini yeye mwenyewe hajakaa. Amemwomba Elphas abonyeze saireni mara moja tu, na ndege hakuna, mvua hakuna. Ati anataka kuona jambo. Halafu ametembea akasimama chini ya nguzo za kijumba. Pale pale pa chumvi yangu.

Imelia. Sasa Deizi anakuja. Peke yake mbele, wengine mbali — mzee mwenzangu, taratibu, leo hana haraka. Bwana Jeconia hakimbii. Saa inaning'inia shingoni, haibonyezi.

Deizi amefika. Hamwangalii hata. Ameinamisha kichwa, analamba udongo katikati ya viatu vyake. Analamba na viatu.

Bwana Jeconia ameinama. Amegusa udongo. Ameangalia kidole.

Amekitia mdomoni!

Elphas amesimama dirishani juu, mdomo wazi. Bwana Jeconia anageuza kichwa pole pole. Anaangalia hori kule mbali, kwa bluugamu, jinsi nilivyolifagia linang'aa. Sasa anaangalia kibanda changu. Hajakasirika. Sijui kama hajakasirika. Amechukua kalamu — na hajaandika, ananingoja mimi.

Pakiti ya Wangari iko hapa mezani, haijafunguliwa. Debe liko mlangoni. Kama nitaenda na debe, sitahitaji Kiswahili kingi. Nitapiga, Deizi atanifuata, Bwana Jeconia ataona mwenyewe mahali saireni inataka kukaa. Halafu nitamwuliza hori linajazwa na nani. Nitamwuliza kwa sauti, hata wa Nairobi wasikie.

Nimevaa kofia. Elphas anaita, Mzee! Unaitwa!

Nakuja, bwana, nakuja — huyu Deizi naye ameshaanza kutembea kwenda kule kwa hori bila mimi, hata debe sijagusa, na Bwana Jeconia yuko nyuma yake, anahesabu hatua.